Toronto na Boston: mechi 28, tofauti ya mabao 24

Nne kwa tatu. Hayo ndiyo matokeo ya 2013, ndiyo ya 2018, ndiyo ya 2019, na ndiyo ya 2024. Mara nne za mwisho Toronto Maple Leafs na Boston Bruins walipokutana kwenye mtoano wa NHL, ligi kuu ya magongo ya barafuni ya Marekani na Kanada, walicheza mechi zote saba zinazoruhusiwa, na mara zote nne aliyesonga mbele ni Boston. Mashabiki wa Toronto, ambao Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa ligi hiyo, wamelishika mara ya mwisho 1967, wameshapata jina la ugonjwa wao: gundu. Huku kwetu kamati ya ufundi ingekuwa imeshakaa vikao kumi.

Wapo wengine wanaojiona watu wa hesabu. Hao husema timu hizi zilikuwa sawa kwa sawa, kwamba nne kwa tatu ni kama kurusha shilingi, na shilingi imeangukia upande mmoja mara nne. Nadhani wote wawili wanakosea, na kosa linaanzia pale pale: wanahesabu mechi, hawahesabu mabao.

Twende kwenye mabao. Mwaka 2013 Boston walifunga 22, Toronto 18. Mwaka 2018 ilikuwa 28 kwa 20. Mwaka 2019, 23 kwa 17. Mwaka 2024, 18 kwa 12. Jumlisha: Boston 91, Toronto 67. Mechi 28, tofauti ya mabao 24, yaani karibu bao moja kila mchezo. Kwenye ligi ambako timu hufunga mabao matatu hivi kwa mechi, bao moja zima kila usiku ni pengo kubwa. Timu inayoshindwa kwa wastani wa namna hiyo kwa kawaida haifiki mechi ya saba mara nne.

Toronto walifikaje basi? Hapa ndipo hesabu inapata utamu. Katika ushindi wao 12, nane ulikuwa wa bao moja. Boston walishinda mara 16, na ushindi wa bao moja ni mitatu tu: mechi ya nne na ya saba za 2013, na mechi ya saba ya 2024. Yote mitatu ilipatikana kwenye muda wa nyongeza, ambako bao la kwanza humaliza mchezo, kwa hiyo haiwezekani kushinda kwa zaidi ya moja. Ndani ya dakika 60 za kawaida, Boston hawajawahi kuwafunga Toronto kwa bao moja katika mikutano hiyo minne. Wakishinda, wanashinda wakiwa wamekaa. Wastani wa ushindi wao ni mabao 2.6, wa Toronto ni 1.4.

Mtu mwenye kujua mchezo atanisimamisha hapo: vipi mabao ya lango tupu? Ni kweli. Timu iliyo nyuma dakika za lala salama humtoa kipa ili kuongeza mchezaji wa sita, na mpinzani akiipora paki, kile kisahani kinachochezwa badala ya mpira, anaifunga kutoka mbali bila mtu golini. Bao la saba la Boston kwenye 7-4 ya 2018, la Brad Marchand, lilikuwa la namna hiyo. Kwa hiyo punguza kidogo tofauti ya Boston. Hata ukipunguza, zinabaki 5-1 ya kufungua 2018, 7-3 iliyofuata, na 5-1 ya kufungua 2024. Lango tupu halielezi mabao manne ya tofauti.

Sasa angalia mpangilio wa matokeo, maana ndio unaowatetea Toronto kidogo. Mara tatu kati ya nne, yaani 2013, 2018 na 2024, Boston waliongoza mechi tatu kwa moja, kisha Toronto wakashinda ya tano na ya sita. Ni 2019 tu Toronto walipokuwa mbele, tatu kwa mbili, wakiwa na mechi ya sita nyumbani, wakafungwa 4-2, na ya saba wakatandikwa 5-1. Ukizipanga kwa makundi unapata hivi: mechi ya kwanza hadi ya nne, Toronto wameshinda 5 kati ya 16. Ya tano na ya sita, wameshinda 7 kati ya 8. Ya saba, hawana hata moja.

Timu yenye moyo mwepesi haishindi 7 kati ya 8 ikiwa karibu kila mara kupoteza maana yake ni kwenda likizo. Ila mechi hizo saba zilishindwaje? 2-1, 2-1, 4-3, 3-1, 2-1, 2-1, 2-1. Ni ushindi wa kubana, wa kipa kuwa kwenye siku yake na mabeki kujilaza mbele ya mashuti. Katika mechi hizo nane za tano na sita Boston walifunga mabao 13 tu. Toronto walijua kufunga mlango. Kilichowashinda ni kwamba mara tatu kati ya nne walianza mfululizo, yaani hizo mechi hadi saba, kwa kuchimba shimo, halafu wakatoka humo kwa mtindo ambao hauachi nafasi ya kosa hata moja.

Na mechi ya saba, mara zote nne, ilichezwa Boston. Hiyo haikuwa kura. Mechi mbili za kwanza, ya tano na ya saba huchezwa kwa aliyevuna pointi nyingi msimu wa kawaida, na Boston walikuwa juu kila mara: 62 kwa 57 mwaka 2013, msimu uliofupishwa kuwa mechi 48, 112 kwa 105, 107 kwa 100, 109 kwa 102. Misimu mitatu mfululizo ya mikutano yao, tofauti ni pointi saba kamili. Faida ya nyumbani katika magongo si kelele za mashabiki pekee. Mchezo unaposimama, kocha mgeni lazima aingize wachezaji wake kwanza, na mwenyeji anabadilisha baadaye akiwa ameshaona. Kwa kuwa mchezaji hukaa barafuni sekunde 45 hivi kabla ya kupumzishwa, haki hiyo inatumika mara nyingi kila usiku. Mwaka 2018 na 2019 Boston walikuwa na Patrice Bergeron, aliyestaafu akiwa na tuzo sita za mshambuliaji bora katika kukaba, zaidi ya mtu yeyote katika historia ya ligi. Nyumbani, kocha wake alimtupa mbele ya mfungaji yeyote wa Toronto aliyemtaka.

Bergeron huyo huyo ndiye wa usiku wa Mei 13, 2013, usiku uliozaa habari zote za gundu. Inafaa kuutazama kwa karibu, maana watu wanaukumbuka vibaya. Kipindi cha tatu dakika ya sita, Nazem Kadri anaifungia Toronto, inakuwa 4-1. Nathan Horton anarudisha moja kabla ya nusu ya kipindi, 4-2. Kisha kimya. Ikibaki dakika 1 na sekunde 22, Boston wakiwa wamemtoa kipa, Milan Lucic anafunga la tatu. Sekunde 31 baadaye, zikiwa zimebaki 51, wanasawazisha. Tazama bao hilo la kusawazisha: Zdeno Chara, beki wa sentimita 206, amesimama mbele ya kipa James Reimer kama kabati la nguo. Bergeron anapiga kutoka mbali, karibu na mstari wa bluu, pale eneo la ulinzi la Toronto linapoanzia. Shuti lenyewe si la kutisha, lakini Reimer haioni paki mpaka imeshampita. Dakika ya saba ya nyongeza Bergeron anafunga tena, 5-4. Hakuna timu kabla ya hapo iliyowahi kushinda mechi ya saba baada ya kuwa nyuma mabao matatu katika kipindi cha tatu.

Kosa la kiufundi usiku ule lina jina: Toronto waliacha kuitoa paki eneo lao wakiwa wameimiliki. Walipoipata waliibamiza tu ukutani iende mbali, Boston wakaiokota na kurudi, tena na tena. Ukifanya hivyo dhidi ya washambuliaji sita na lango lao tupu, unampa mpinzani mkwaju mmoja baada ya mwingine hadi mmoja uingie. Mwaka 2018 ikawa hivyo hivyo kwa sura nyingine: Toronto waliingia kipindi cha tatu cha mechi ya saba wakiongoza 4-3, wakafungwa manne bila majibu.

Na kipa wa Boston mwaka 2013, 2018 na 2019 alikuwa nani? Tuukka Rask, aliyechaguliwa na Toronto wenyewe raundi ya kwanza ya kuchagua chipukizi ya 2005, kisha wakamtoa kwa Boston mwaka uliofuata wapewe kipa Andrew Raycroft. Mwaka 2009 wakamchukua mshambuliaji Phil Kessel kutoka Boston na kulipa kwa haki za kuchagua chipukizi. Kwa haki hizo Boston wakamchukua Tyler Seguin, na mwaka mmoja baadaye Dougie Hamilton. Wote wawili walikuwa kikosi cha Boston mwaka 2013. Kessel alifunga katika mechi ile ya saba, tusimnyime haki yake. Ila anayetafuta mchawi wa Toronto aanzie ofisi ya usajili.

Tuweke pembeni 2013 na 2018, kwa sababu baada ya hapo ugonjwa ulibadilika ingawa jina lilibaki lile lile. Chukua mechi zote za mwisho za kuamua mfululizo, zile ambazo timu yoyote kati ya mbili ikishindwa inatoka, ambazo Toronto wamecheza tangu 2013, dhidi ya mpinzani yeyote. Ziko nane, na zote wamepoteza. Mbili za kwanza, hizo za Boston, walifunga mabao manne kila moja na bado wakapoteza, kwa sababu waliruhusu 12. Hiyo ni timu inayovuja nyuma. Sita zilizofuata ni hizi: 5-1 na Boston 2019, 3-0 na Columbus 2020 katika mfululizo mfupi wa mechi tano, 3-1 na Montreal 2021, 2-1 na Tampa Bay 2022, 2-1 na Boston 2024, na 6-1 na Florida 2025. Katika mechi sita Toronto wamefunga mabao matano. Mara nne kati ya hizo waliruhusu mabao matatu au pungufu, na mbili kati ya hizo nne ni mawili tu. Kipa amefanya kazi yake, mabeki wamefanya yao, mbele kumekauka. Na mechi za Montreal, Tampa Bay na Florida zilikuwa Toronto, kwa hiyo uwanja wa nyumbani nao haukuwasaidia.

Wasioamini shilingi watasema: kupoteza nane mfululizo kwa nusu kwa nusu ni nafasi 1 kati ya 256, haiwezi kuwa bahati mbaya. Inategemea. Kama nafasi halisi ya Toronto ilikuwa asilimia 45 kila mechi, uwezekano unapanda hadi karibu 1 kati ya 120, na tukikumbuka kwamba tunaichunguza Toronto kwa sababu imeshapoteza, namba hiyo inazidi kupoteza makali. Mimi naona mfululizo wa vipigo peke yake hauthibitishi kitu. Mabao matano katika mechi sita ndiyo yanayostahili maelezo.

Maelezo ya kwanza ni nafasi za pungufu. Mchezaji akifanya kosa hukaa kifungoni dakika mbili na timu yake inacheza wanne dhidi ya watano. Msimu wa 2023-24 Toronto walizigeuza nafasi hizo kuwa mabao kwa asilimia 24, miongoni mwa timu bora za ligi. Katika mfululizo na Boston walipata nafasi 21. Kwa kiwango chao walitarajiwa mabao matano. Walipata moja. Kwa hesabu ya kawaida, timu ya asilimia 24 kupata bao moja au sifuri katika nafasi 21 hutokea mara moja katika arobaini hivi. Nadra, ila si muujiza, na mfululizo ulipotezwa kwa bao moja la nyongeza. Mwaka 2019 wote wawili walipata nafasi 16: Boston walifunga saba, Toronto tatu. Tofauti ya mabao ya mfululizo mzima ilikuwa sita, na manne kati ya hayo yako hapo.

Kwa nini mashine inayofanya kazi vizuri mechi 82 inakwama ndani ya wiki mbili? Mpangilio unaotumiwa na karibu kila timu ni mmoja juu kwenye mstari wa bluu, watatu kwa mlalo katikati, mmoja mbele ya kipa. Silaha ni mpigaji wa pembeni anayepokea pasi ya kukata na kupiga bila kuituliza paki. Msimu wa kawaida unamkuta mpinzani leo, kesho uko mji mwingine. Kwenye mtoano anakutazama hadi mara saba. Kufikia mechi ya tatu, wale wanne wanaolinda wameshajua pasi ya kukata itaanzia wapi, na mmoja wao anaweka gongo katika njia hiyo. Wanakuachia juu, ambako shuti husafiri mbali na kipa huliona lote. Tatizo la pili liko mapema zaidi: kuingia eneo la mpinzani. Mchezaji anapanda na paki, anairudisha nyuma kwa mwenzake anayekuja kasi, na kama walinzi wanne wamejipanga wima kwenye mstari wao, paki inaporwa na sekunde 20 zinapotea kuifuata tena. Ukikosea kuingia mara mbili, sekunde 40 kati ya 120 zimekwisha hujapiga shuti. Dawa inajulikana: mtu mzito mbele ya kipa, mashuti ya haraka yasiyo mazuri, kuwania paki inayorudi. Wasanii huichukia kazi hiyo, kwa sababu haina picha nzuri na inaumiza mbavu.

Maelezo ya pili ni Jeremy Swayman, kipa wa Boston mwaka 2024. Kipa wa kawaida wa msimu ule aliokoa mashuti karibu 90 kati ya 100. Swayman dhidi ya Toronto aliokoa 95. Kwa mashuti 30 kila mechi, hiyo ni kutoka mabao matatu hadi moja na nusu. Hilo ni nusu ya mashambulizi ya timu kuyeyuka.

La tatu ni fedha. NHL ina ukomo wa mishahara, na 2023-24 ulikuwa dola milioni 83.5. Washambuliaji wanne wa Toronto, Auston Matthews, John Tavares, Mitch Marner na William Nylander, walichukua takriban milioni 40.5, karibu nusu ya mfuko mzima. Waliobaki, mabeki wote, makipa na mistari miwili ya chini (mstari ni kundi la washambuliaji watatu wanaoingia barafuni pamoja), wakagawana nusu nyingine. Mpango huo una mantiki kama wanne hao wapo na wanafunga. Mwaka 2024 Nylander alikosa mechi tatu za kwanza. Matthews, aliyetoka kufunga mabao 69 msimu wa kawaida, aliumwa, akatoka kabla ya kipindi cha tatu cha mechi ya nne, akakosa ya tano na ya sita. Wote wanne waliingia barafuni pamoja mechi mbili tu kati ya saba. Kinyume chake, mechi ya saba ya 2019, mabao matatu ya kwanza ya Boston yalitoka kwa Joakim Nordstrom, Marcus Johansson na Sean Kuraly. Hakuna hata mmoja wao wa mstari wa kwanza.

Kuhusu gundu lenyewe, historia inacheka. Timu hizi zimekutana kwenye mtoano mara 17 tangu 1933, na kati ya mikutano kumi ya kwanza, Toronto walishinda minane. Walianza kwa ile mechi ya 1933 iliyokwenda vipindi sita vya nyongeza, dakika 104 na sekunde 46, hadi Ken Doraty alipofunga bao pekee baada ya pasi ya Eddie Shore wa Boston kuporwa. Ilikuwa imeshaingia Aprili 4; usiku wa siku hiyo hiyo Toronto walikuwa New York kwenye fainali, wakapigwa 5-1. Mwaka 1951 kuna mechi yao iliyoishia 1-1 kwa sababu sheria ya Toronto ilikataza michezo kuingia Jumapili, kwa hiyo mfululizo una sare, kitu ambacho mtoano wa leo hauna. Upepo uligeuka 1969: 10-0 mechi ya kwanza, 7-0 ya pili, Phil Esposito wa Boston akihusika na mabao sita usiku wa kwanza. Boston wameshinda yote saba tangu hapo, lakini kati ya 1974 na 2013 hawakukutana hata mara moja. Gundu lenye likizo ya miaka 39 ni gundu la ajabu.

Mei 4, 2024, mechi ya saba ilikuwa 0-0 hadi kipindi cha tatu. Nylander akafunga, dakika moja na sekunde 21 baadaye Hampus Lindholm akasawazisha. Nyongeza, dakika ya pili: Lindholm yuko karibu na katikati ya uwanja, hana pasi, anaipiga paki makusudi kwenye kona ili igonge ukuta wa nyuma na kurudi mbele ya lango. David Pastrnak ameshaondoka mbio kabla haijagonga. Anaifikia, anamchambua kipa Ilya Samsonov, kwisha. Siku tano baadaye kocha wa Toronto, Sheldon Keefe, alifukuzwa.

Mwaka uliofuata Marchand hakuwa Boston tena. Alihamia Florida mwezi Machi. Toronto waliongoza mfululizo na Florida mbili kwa sifuri, wakafika mechi ya saba nyumbani kwao, wakapigwa 6-1. Marchand alifunga moja na kutengeneza mawili, ikawa mara yake ya tano kuwatoa Toronto katika mechi ya saba. Bao la Toronto usiku ule, kama ilivyokuwa 2019, 2021, 2022 na 2024, lilikuwa moja.